Vipande Saba vya Bibi

Shangazi yangu mdogo aliitwa Nyavu. Jina alipewa na baba yake mzazi, akiwa na miaka tisa, siku alipomaliza kufuma kitambaa chake cha kwanza, cha kufunikia redio. Babu alikinyanyua kwa vidole viwili, akakielekeza dirishani, akasema, "Mwanangu, hiki si kitambaa, hizi ni nyavu. Samaki angepita hapa na mizigo yake." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jina likamganda. Babu akafa, jina likabaki. Akaajiriwa, jina likamfuata kazini. Mimi, mtoto wa kaka yake, nimemwita Shangazi Nyavu tangu nianze kusema, na sikuwahi kujiuliza kama linamuuma. Ningejiuliza mapema, labda siku niliyotakiwa kusema nisingefunga mdomo.

Kicheko cha siku ile hakikutosha. Dada yake, aliyemzidi miaka minane na kila kitu kingine, alikichukua kile kitambaa, akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Akakifumua chote pale pale mbele ya wageni, akamrudishia mdogo wake donge la uzi.

"Kaza mkono," akamwambia. "Usipokaza mkono hutafuma kitu cha maana maisha yako yote."

Huyo dada ndiye shangazi yangu mkubwa. Alikuja kuwa mwalimu wa kushona na kufuma katika shule ya wasichana, akafundisha huko mpaka akastaafu, na mpaka leo ukoo mzima unamwita Mwalimu, kana kwamba walimu wengine wote duniani walishafukuzwa kazi.

Lazima nieleze habari ya mkono, maana bila hiyo hutanielewa. Wape wanawake wawili sindano za kroshia za ukubwa mmoja, uzi wa donge moja, na mfano mmoja wa kufuata, kifundo kwa kifundo. Vipande vyao havitalingana. Mmoja anavuta uzi kwa nguvu, kazi yake inatoka ndogo, imebana, imesimama. Mwingine anauachia, kazi yake inatoka pana na inayumbayumba pembeni. Ni kama mwandiko. Wanaofuma wanajuana kwa mkono hata kama kazi haina jina.

Sasa, mkono wa bibi yangu, mama yao, ulikuwa habari nyingine. Ulikaza kiasi kwamba ukimwaga chai juu ya kitambaa chake, chai inafikiri kwanza kabla ya kupita. Maharusi walikuwa wanaandika oda mwaka mzima kabla. Mwalimu naye alikuwa na mkono mzuri, wa darasani, sawasawa kama mistari ya daftari, lakini hata yeye alikiri kwamba mkono wa mama yake hakuwahi kuupata. Alikuwa anasema hivyo mara kwa mara, kwa majivuno. Kushindwa na mama yake ndiko kushindwa pekee alikokubali maishani.

Nyavu hakuna aliyemuuliza habari za mkono tena. Alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, akakaa humo miaka ishirini na sita. Mashuka, mashuka, mashuka. Alikuwa anayatoa kwenye mashine yakiwa mazito kama maiti, anayalisha kwenye pasi kubwa ya mvuke, anayakunja na mwenzake, pembe kwa pembe, hatua mbele, hatua nyuma, kama watu wanaocheza dansi bila muziki. Alirudi nyumbani viganja vimechemka. Kuolewa aliwahi kuombwa, mara moja, na fundi rangi aliyekuja kupaka kuta za wodi. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Na mama atabaki na nani?" Fundi rangi akamaliza kuta zake akaenda zake. Baba yangu, ndugu yao wa katikati, alikuwa dereva wa malori. Yeye alibaki na barabara. Kwa hiyo aliyebaki na mama ni Nyavu, na mimi nilipopata kazi kwenye kibanda cha kutoa kopi nikahamia kwao, chumba cha uani.

Ndipo nilipoona kitu ambacho wenzangu wote hawakukiona. Kila siku ya mapumziko yake, Nyavu alikuwa anafuma. Mwenzake wa kukunja mashuka aliniambia kwamba hata kazini, saa ya chai, aligeuza kreti la sabuni, akakaa juu yake nyuma ya jengo, akafuma kipande, akakipima kwa kidole, akakifumua. Kesho yake hivyo hivyo. Miaka. Hakuwahi kuweka kitambaa hata kimoja sebuleni kwao. Alikuwa anajifundisha mkono wa mama yake kimyakimya, kama mtu anayejifunza lugha ya nyumba anamoishi lakini wenyeji wanamdhani bubu.

Halafu bibi akapata kiharusi.

Upande wa kulia ulikufa, kisha ukarudi nusu nusu. Mguu ulikataa kabisa. Mkono ulirudi, lakini kidole cha shahada kilibaki kimenyooka, hakipindi, hakishiki. Mwezi wa tatu kitandani bibi akasema anataka sindano yake ya kroshia. Nyavu akamletea. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka. Mwishowe bibi akaibana kati ya gumba na kiganja, kama mtu anayeshika mwiko, akaanza.

"Unafuma nini, mama?" Nyavu akauliza.

"Foronya ya mto wa kochi. Ya vipepeo."

"Vya nini tena vipepeo?"

"Miguu imekataa. Angalau niwe na kitu chenye mabawa."

Foronya yenyewe ilitakiwa iwe na vipande kumi na sita vya mraba, vinne kwa vinne. Kila kipande kinaanzia katikati na kipepeo: mabawa manne ya uzi wa njano, kiwiliwili cha uzi mweusi kinachobana mabawa hayo kifuani, na vipembe viwili. Halafu mizunguko ya kijani mpaka umbo la mraba litokee, na mwisho mzunguko mmoja mweupe. Zamani bibi angemaliza kipande kabla maji ya chai hayajachemka mara mbili. Sasa kipande kimoja kilimchukua wiki tatu. Na vilitoka vimelegea. Mabawa yalikuwa mapana, moja juu, moja chini. Pembe za mraba zilikuwa zinajikunja. Vilikuwa vikubwa kuliko kawaida kwa upana wa kidole kizima, maana ule mkono haukuwa na nguvu ya kuvuta uzi. Alivipenda hivyo hivyo. Alikuwa anaviweka kifuani akilala.

Nyavu akaanza kumsaidia, akikaa kwenye stuli kando ya kitanda na sindano yake. Siku alipomaliza kipande chake cha kwanza alikiweka juu ya blanketi. Bibi akakivuta karibu na macho. Akakigeuza nyuma. Akapitisha gumba lake kwenye ukingo. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni, nikasimama.

"Wewe," bibi akasema. "Mkono wangu umeuiba lini?"

Nyavu akacheka, kisha akainuka haraka akasema anakwenda kuzima jiko. Jiko halikuwa limewashwa. Hiyo ndiyo sifa yote aliyopata kwa kufuma maishani mwake, na zaidi yake niliyeisikia ni mimi tu; aliyeitoa sasa yuko kaburini.

Unaweza kuuliza Mwalimu alikuwa wapi. Alikuwepo. Alikuja kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na matunda kwenye mfuko wa karatasi, akaketi kwenye kiti kile kile kwa dakika arobaini, mkoba mapajani, akauliza dawa zimenywewa saa ngapi. Sisemi hakumpenda mama yake. Alimpenda sana. Lakini alimpenda kama mkaguzi anavyopenda shule. Basi kila Jumapili, geti likigongwa tu, bibi alisukuma sindano, uzi na vipande vyote chini ya blanketi.

"Fichaficha hiyo," alimwambia Nyavu. "Asinione na madudu haya. Atanisahihisha."

Tulikuwa tunacheka. Kwa hiyo Mwalimu aliwahi kusikia kwamba mama anafumafuma kidogo, Nyavu anamsaidia. Kazi yenyewe hakuiona hata siku moja, na kile kidole alikiona kimenyooka juu ya shuka, akadhani kimepumzika.

Bibi alifariki akiwa amemaliza vipande saba. Nyavu alikuwa amefuma tisa. Jumla yake kumi na sita, vimetimia, vilibaki kuungwa tu.

Siku ya kugawana vitu vya marehemu, Mwalimu alikuja na orodha. Kabati kubwa lilikwenda kwake kwa sababu sebule yake inalitosha. Cherehani ilikwenda kwake kwa sababu yeye ndiye anayejua kuitumia. Baba yangu akapewa saa ya babu na kiti cha kukunja, akashukuru, akawasha lori. Nyavu akaulizwa anataka nini.

"Mimi naomba vile vipande vya vipepeo," akasema. "Basi."

"Vipande tu?" Mwalimu akashangaa. "Chukua na vyombo."

"Vyombo nitavitumia. Lakini ninachoomba ni vipande. Nataka niwe na kazi yake ya mwisho."

Mwalimu akamtazama kwa huruma ile inayowasha mwili, akasema sawa.

Nyavu hakuviunga mara moja, na sababu yake ilikuwa ya kifundi. Vipande vyake tisa vilikuwa vidogo, vya mama yake vilikuwa vikubwa. Asingekubali kugusa vya mama yake hata kifundo kimoja. Kwa hiyo aliamua kuviongezea vyake mzunguko mmoja mweupe, vikue, vilingane na vya bibi. Aliupigia hesabu mpaka nusu ya kidole. Tatizo ni kwamba ule uzi mweupe ulikuwa umekwisha dukani, na mweupe mwingine wowote ulikuwa mweupe wa namna nyingine. Akawa anazunguka maduka ya nyuzi kila siku ya mapumziko, na kipande mkononi, akilinganisha kwenye mwanga. Vipande vyote kumi na sita vilikaa kwenye mfuko mmoja wa kitambaa, kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumanne moja, Nyavu yuko kazini, Mwalimu alipita. Mimi nilikuwa nafunga viatu, nimeshachelewa kibandani. Aliona mfuko, akauteremsha, akamwaga vipande mezani, akaanza kuvitenga kwa ncha za vidole, huku na huku, haraka, kama mtu anayepanga karata.

"Ona," akaniambia. Aliokota kimoja kati ya vile vilivyokaza, akakishika kama anashika shavu la mtoto. Macho yake yalilowa. "Mama yangu. Mgonjwa, kitandani, na mkono wake haukutetereka." Halafu akavigeukia vile saba vilivyolegea, akasonya. "Na huyu naye. Uzee huu, bado ananifumia nyavu."

Nilijua. Sitaki kujitetea hapa. Nilikuwa nimeona bibi akifuma vile saba, kimoja kimoja, wiki tatu tatu. Nikasema, "Shangazi, nadhani hivyo..."

"Unadhani nini? Wewe unajua kufuma?"

"Hapana, shangazi."

"Basi."

Akarudisha vyote mfukoni, akasema anakwenda kumalizia hiyo foronya yeye mwenyewe, Nyavu ataiharibu. Na mimi nikaenda kazini kutoa kopi za vyeti vya watu. Nilijiambia wataelewana wenyewe, ni ndugu. Nilijiambia uongo huo kwa sababu nilimwogopa, nilikuwa namwogopa tangu nina miaka minne.

Jioni nikamwambia Nyavu kwamba mfuko umechukuliwa na Mwalimu, amesema atamalizia. Habari ya kutenga sikumwambia. Akapiga simu hapo hapo.

"Dada, usiunge kwanza. Subiri nije nikuelekeze."

Sauti ya Mwalimu ilisikika mpaka nilipokaa. "Unielekeze mimi kufuma? Pumzika, mdogo wangu. Nitakuletea kitu kitakutoa machozi."

Nyavu akaiweka simu chini, akafikiri kidogo, kisha uso wake ukatulia. "Hata hivyo ni mwalimu," akaniambia. "Mikono aliyoisahihisha ni mingi. Akiviona vile saba atajua tu kwamba ni mkono wa mgonjwa." Katika wote waliomdharau maishani, huyo mmoja alimwamini kwa kazi yake. Nami nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, nikala chakula changu nikanyamaza.

Miezi mitatu baada ya mazishi Mwalimu akatualika kwake Jumapili. Walikuwepo walimu wenzake wawili wastaafu, na jirani yake muuza dawa. Sebule ilikuwa imepigwa deki mpaka unaogopa kuweka mguu. Katikati ya kochi kubwa, peke yake, ulikaa mto, na juu yake foronya ya vipepeo. Ilikuwa nzuri, sina budi kusema. Imenyooka, pembe zimekaa, njano imewaka juu ya kijani. Walimu wale wakaanza kupiga vigelegele vya chini kwa chini.

Nyavu hakuketi. Alikwenda moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya kochi, akaanza kupitisha kidole kipande kwa kipande. Nilimwona anahesabu midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho akarudia mwanzo.

"Vipande tisa ni vya marehemu mama," Mwalimu alikuwa anawaeleza wageni, mkono kifuani. "Tazameni mkono huo. Huo haufundishiki, nimefundisha miaka thelathini na mbili najua ninachosema. Hivi saba ni vyangu, nimejitahidi kumfuata."

"Dada," Nyavu akasema bila kugeuka. "Na vile vingine?"

"Vingine vipi?"

"Vilivyokuwa vikubwa. Saba."

"Aa, vyako." Mwalimu akacheka, akawakonyeza wageni. "Nilivifumua. Vingemwaibisha mama. Usinune, uzi sikuutupa. Niliufua, nikautundika na mawe ukanyooka, nikafumia hivi vyangu. Wiki tatu nzima, mgongo umekufa."

Wageni wakacheka, cheko la adabu. Nyavu alibaki amepiga magoti. Ndipo mimi, shujaa wa kuchelewa, nikafumbua mdomo.

"Vile saba vilikuwa vya bibi," nikasema. "Hivi tisa ndivyo vya Shangazi Nyavu."

"Wewe nyamaza. Hujui unachosema."

"Alikuwepo," Nyavu akasema. "Anajua." Akainuka, akafungua mkoba wake, akatoa sindano ya kroshia. Kikapu cha nyuzi cha Mwalimu kilikuwa kando ya kochi. Akachukua donge la njano, akaketi kwenye mkono wa kochi, akaanza kufuma.

Hakuna aliyejua afanye nini. Muuza dawa alitaka kuaga, akaona aibu, akabaki. Chakula kikapoa. Nusu saa nzima tulikaa tukitazama mikono ile iliyochemshwa na mashuka, inavuta, inaingiza, inavuta. Bawa la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Uzi mweusi kifuani. Mizunguko ya kijani, na wa mwisho mweupe. Hakuinua macho hata mara moja. Alipokata uzi, alimpa dada yake kipande, naye Mwalimu akakichukua kwa tabasamu la kumalizia utani, akakilaza juu ya kimoja cha vile tisa.

Kikalala pembe kwa pembe. Akakihamishia kwenye cha pili. Cha tatu. Akakigeuza nyuma, akatazama vifundo. Mwalimu huyu amesahihisha kazi za wasichana elfu ngapi sijui, na alichokiona pale hakuweza kukibishia hata yeye. Alikaa chini taratibu, akitafuta kochi kwa mkono.

"Basi mama..." akasema.

"Mama alikuwa anafumia gumba, dada. Kidole cha shahada kilikufa."

"Mbona mimi sikumwona?"

"Alikuwa anaficha ukija."

"Anifiche mimi? Kwa nini anifiche mimi?"

Nilimchukia kwa miaka mingi huyu shangazi, na bado siku ile niliangalia sakafu. Mmoja wa wale walimu, kwa nia njema, akasema, "Lakini jamani, uzi si ni ule ule? Marehemu aliushika. Kwa hiyo bado yumo humo."

Nyavu akamgeukia kwa upole wa kutisha. "Uzi tulinunua dukani, mwalimu wangu. Mimi niliomba kazi yake."

Akaivua foronya kwenye mto, akaikunja pembe kwa pembe kama anavyokunja shuka, akaitia mkobani. Tukaondoka bila kula.

Wiki mbili zilizofuata nilishuhudia kitu ambacho sipendi kukikumbuka. Nyavu alivifungua vile vipande saba vya Mwalimu, akavifumua, akaanza kuvifuma upya kama alivyovifuma mama yake. Alivikumbuka vyote: kipi bawa la kulia lilikwenda juu, kipi pembe ilijikunja. Alikaa kwenye ile stuli, kando ya kitanda kitupu, akaibana sindano kati ya gumba na kiganja. Kipande kilitoka kimekaza. Akafumua. Akajaribu tena akiuachia uzi makusudi, kikatoka cha uongo, kimelegea huku kimekaza kule. Akafumua. Siku moja nilirudi nikamkuta amekifunga kidole chake cha shahada kwa bandeji na kijiti, kisiweze kupinda. Jasho linamtoka. Kipande kilikuwa mapajani, kidogo, kigumu, kimenyooka, mkono wa bibi wa enzi zake za maharusi.

"Miaka ishirini nautafuta huu," akaniambia. "Sasa hautaki kuondoka."

"Achia kidogo, shangazi."

"Naachia. Nikiachia unavuta wenyewe."

Uzi nao ulikuwa umechoka. Ulishafumwa na bibi, ukafumuliwa, ukafumwa na Mwalimu, ukafumuliwa, sasa yeye. Ulianza kutoa manyoya na kukatikakatika. Jioni ya siku hiyo alifungua bandeji, akaitupa. Kwa siku tatu akafuma vipande saba kwa mkono wake wa kawaida, akivificha vifundo vya uzi uliokatika kwa ndani, akaviunga na vile tisa. Hakukuwa na haja tena ya uzi mweupe wa kuongezea. Vyote kumi na sita vilikuwa sawa.

Mwalimu alikuja Jumatano. Haikuwa siku yake, na hakuwa na matunda. Alikuwa ameliacha hata shavu bila poda, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mwanamke mzee. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake, siyo kwenye kiti. Nyavu alikuwa amevaa sare, anajiandaa kwa zamu ya mchana. Akampa foronya.

Mwalimu aliitandika magotini, akatoa miwani. Alichukua muda mrefu. Alipima pembe, akavuta maungio, akaigeuza ndani nje, akarudia kila kipande kama anavyosahihisha mtihani wa mwisho wa mwaka. Kisha akavua miwani, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Mdogo wangu, kazi hii... Hata mama. Hata mama mwenyewe. Sioni kosa hata moja."

Hayo ni maneno ambayo Nyavu aliyasubiri tangu ana miaka tisa. Nilimtazama, nikitumaini sijui nini. Alikuwa anafunga kifungo cha juu cha sare.

"Hata mimi nimelitafuta kosa la mama, dada," akasema. "Halimo. Kaa nayo wewe."

Akachukua mkoba wake, akatuaga sote wawili kwa adabu, akaenda kuwahi mashuka ya wodi za juu.